Nathani Alimwendea Mfalme na Hadithi

Daudi alikuwa mfalme aliyeijua sheria. Alijua kwamba uzinzi ni dhambi na kuua ni dhambi, na yote mawili alikuwa ameyatenda: alimchukua Bathsheba, mke wa Uria, kisha akaagiza Uria awekwe mahali penye vita vikali ili afe. Nabii Nathani angeweza kumwendea na amri moja kwa moja. Hakufanya hivyo. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 12, anaingia kwa mfalme na kumsimulia habari za watu wawili, tajiri na maskini. Maskini hana kitu ila mwanakondoo mmoja jike, anayekula chakula chake, anayenywea kikombe chake na kulala kifuani pake kama binti yake. Tajiri anapata mgeni. Anayaacha makundi yake yote, anamchukua mwanakondoo wa maskini na kumwandalia mgeni wake. Daudi anawaka hasira. Anaapa kwamba mtu aliyefanya hivyo anastahili kufa, na kwamba ni lazima amlipe mwanakondoo huyo mara nne. Ndipo Nathani anamwambia kwamba mtu huyo ni yeye.

Kila ninapokirudia kisa hiki nazidi kuamini kwamba ndani yake mna sababu tosha ya mtu anayejali hali ya moyo wake kusoma vitabu vya kila aina. Amri Daudi alikuwa nayo tangu zamani. Alichokosa ni namna ya kujitazama. Hadithi ilimpa mtu mwingine wa kumhukumu, naye akahukumu kwa haki kabisa, kwa kuwa hakujua kesi ni ya nani. Tena tazama kisa kilivyotungwa: kikombe, kifua, mnyama anayelala kama mtoto wa nyumba ile. Nathani angesema tu kwamba tajiri alimwibia maskini, nadhani mfalme angetikisa kichwa na kutoa adhabu ya kawaida. Kile kikombe ndicho kilichompandisha hasira.

Vitabu vya dini navisoma na navipenda. Vitabu vya sala, tafakuri za kila siku, mafundisho ya wazee wa imani, vyote vina nafasi yake kwangu na sina nia ya kuviacha. Ila vina jambo moja ambalo msomaji wa siku nyingi hulizoea hadi asilione tena: unajua mapema vinakokwenda. Sura ikiitwa "Uvumilivu", kabla sijaanza nimeshajua kwamba nitaambiwa nivumilie, na nimeshajiandaa kukubali. Kukubali hakunigharimu chochote. Napiga mstari chini ya sentensi nzuri, nasema moyoni "kweli kabisa", nafungua ukurasa unaofuata, na moyo wangu umebaki pale pale ulipokuwa. Anayesoma vitabu vya aina hii tu, hata viwe vizuri namna gani, anaweza kufika mahali akawa hodari wa kukubaliana na mambo ambayo hayajamgusa.

Riwaya hainipi nafasi hiyo, kwa sababu haijaniambia inanitakia nini. Ninaposoma riwaya huwa natembea na swali moja kutoka sura hadi sura: kati ya watu hawa, ni nani ninayemchukia, na kwa nini yeye? Siulizi ninayempenda, maana huyo mara nyingi mwandishi ameshanichagulia. Chuki ndiyo inayobeba habari zangu mwenyewe.

Kuna riwaya moja niliyoisoma ya ndugu wawili na baba yao mgonjwa. Mkubwa amebaki nyumbani. Anamgeuza mzee kitandani, anamnyoa ndevu, anajibu swali lile lile kutwa nzima. Mdogo yuko mbali, anatuma fedha na kupiga simu jioni. Mwandishi hamlaumu yeyote kati yao. Lakini mimi nilijikuta namchukia yule mkubwa, yule mwema, na chuki yenyewe ilikuwa kali kuliko kosa lolote nililoliona kwake. Kuna ukurasa ambapo anampangusa baba yake mdomo, na mdogo wake aliyekuja kuwatembelea amesimama mlangoni, begi bado liko begani. Mkubwa hasemi neno. Anakikunja kitambaa mara mbili, anakiweka kando ya mto, basi. Kukunjwa kwa kitambaa kile kuliniudhi kupita kiasi. Nikakifunga kitabu nikakaa nacho mapajani, kwa maana nilikuwa nimeshaona mahali niliposimama mimi katika chumba kile: mlangoni, na begi begani. Amri ya kuwaheshimu baba na mama naijua tangu utotoni na nimeisikia ikihubiriwa mara nyingi. Haikuwa imewahi kunifikisha kwenye mlango ule.

Wapo wanaoogopa usomaji wa namna hii, na hofu yao ni ya kale na ya heshima. Mtakatifu Jerome, mfasiri mkubwa wa Biblia kwa Kilatini aliyefariki mwaka 420, alisimulia katika barua yake kwa Eustochium kwamba aliota amesimamishwa mbele ya kiti cha hukumu. Alipoulizwa yeye ni nani, akajibu kwamba ni Mkristo. Akaambiwa anadanganya: yeye ni mfuasi wa Cicero, yule mwandishi mpagani wa Roma ya kale, si wa Kristo. Akapigwa mijeledi, akaapa kutovisoma tena vitabu vya kidunia. Karibu wakati ule ule, askofu Basil wa Kaisaria aliwaandikia vijana akiwashauri namna ya kufaidika na washairi na wanafalsafa wa Kigiriki, akiwapa mfano wa nyuki, ambaye hatui juu ya kila ua wala habebi kila kitu cha ua alilotua. Ninasimama na Basil. Na Jerome mwenyewe, miaka ilivyokwenda, alilaumiwa na Rufinus, aliyekuwa rafiki yake, kwamba maandishi yake bado yamejaa maneno ya waandishi wale wale aliowakana ndotoni. Mtu aliyewasoma kwa dhati hawezi kuwatoa.

Kuna pingamizi jingine lenye uzito zaidi, nalo limetoka kwa Mtakatifu Augustino, askofu wa Afrika ya Kaskazini. Katika Maungamo, kitabu cha maisha yake mwenyewe, anakumbuka kwamba alipokuwa mwanafunzi alimlilia Dido, malkia wa kutungwa aliyejiua kwa ajili ya mapenzi katika utenzi wa Virgil, mshairi wa Kirumi, huku nafsi yake mwenyewe ikiwa inakufa mbali na Mungu na asiitolee hata chozi. Maneno haya nayachukua kwa uzito wote. Machozi ya hadithi ni rahisi. Mtu anaweza kulia juu ya yatima wa kitabuni na asijue jina la mtoto wa jirani aliyefiwa. Msomaji wa riwaya asiyejiuliza chochote baada ya kulia amepata burudani, na burudani si dhambi, ila asiihesabu kuwa ni tafakuri. Lakini Augustino huyo huyo anatuambia kilichomwamsha akiwa na miaka 19: kitabu cha Cicero kiitwacho Hortensius, kitabu cha mpagani chenye kuwahimiza watu waifuate falsafa. Anasema kilibadilisha hata sala zake. Kitabu chenyewe kimepotea, vimebaki vipande tu vilivyonukuliwa na wengine, lakini kazi yake iliendelea ndani ya mtu mmoja kwa miaka mingi kabla hajabatizwa mwaka 387.

Na kama tunaogopa kuchanganya tanzu, tufanye nini na maandiko matakatifu yenyewe? Biblia ina sheria, orodha za vizazi, nyimbo za maombolezo, methali, barua za watu kwa watu, mashairi ya mapenzi katika Wimbo Ulio Bora. Kitabu cha Ayubu kinaanza kwa hadithi, kinageuka kuwa mashairi kwa sura nyingi, kisha kinarudi kwenye hadithi. Kitabu cha Esta katika Kiebrania hakimtaji Mungu hata mara moja, na bado kimo. Kurani katika Sura Yusuf inasema inasimulia kisa kilicho bora kuliko visa vyote, na kinachofuata ni habari ya wivu wa ndugu, kisima, utumwa, jela, ndoto na kanzu ya mwana inayorudisha macho ya baba. Anayesoma maandiko haya yote kwa sauti moja, kana kwamba kila aya ni amri, anayapunguzia nguvu. Kwa upande wangu, kusoma mashairi ndiko kulikonifundisha kusoma Zaburi. Nilijifunza kungoja mstari wa pili, kusikia unavyourudia wa kwanza kwa neno zito zaidi, na kuacha kutafuta fundisho kabla kilio hakijaisha.

Juu ya ushairi ningeweza kuandika makala nzima, maana kwa moyo hakuna utanzu unaoupita. Kiswahili kimebarikiwa na Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, iliyotungwa mapema katika karne ya 19, na mimi sijui andiko lingine la lugha yetu linalokaa karibu zaidi na jambo ninalolisema hapa. Mshairi anaongea na moyo wake mwenyewe. Anauuliza, anaukemea, anaubembeleza, kisha anautembeza katika majumba yaliyoanguka ya Pate, kisiwa cha pwani ya Kenya. Haishii kuuambia kwamba dunia inapita, maana hilo kila mtu analijua na halimzuii mtu kujenga ghorofa. Anauonyesha madaka ya ukutani, yale yaliyopangwa sahani za thamani, na sasa makinda ya ndege yamelala humo. Mara ya kwanza niliposoma ubeti ule nilisimama papo hapo. Nilianza kufikiri vitu vyangu, vile ninavyovipanga ili wageni wavione, na ni kiumbe gani kitakuja kulala hapo. Kwa muda wa wiki kadhaa sikuendelea na beti nyingine. Niliishika ile nikawa nayo njiani, kazini, kitandani.

Shairi linafaa kushikwa kwa kichwa. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu siku hizi tunaona kukariri ni jambo la watoto wa madrasa na wa Jumapili. Kilichokaririwa kinakuja chenyewe saa ambayo huna kitabu mkononi, na saa hizo ndizo zenye shida: foleni ya hospitali, usiku usio na usingizi, dakika tano baada ya habari mbaya.

Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, aliandika karibu kila utanzu: riwaya, insha, wasifu wa mwimbaji Siti binti Saad, tenzi, na habari za maisha yake mwenyewe kwa nathari. Mkewe Amina alipofariki, alimlilia kwa shairi. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Mtu mwenye uwezo wote ule wa nathari, aliyeweza kueleza na kufafanua, alipofika kwenye kifo cha mke aliona maelezo hayatoshi na akaomba msaada wa vina na mizani. Aliyefiwa naye hujua hivyo bila kufundishwa. Katika siku za kwanza za msiba vitabu vya mafundisho huwa vinanishinda. Kila sentensi ndani yake inaonekana ina haraka ya kunifikisha kwenye faraja. Maombolezo, Ayubu, shairi la mtu aliyefiwa, haya hayana haraka hiyo. Yanakaa matangani.

Wasifu na tawasifu hunisaidia kwa njia tofauti: huniondolea uongo kwamba watu wa Mungu walipanda ngazi moja kwa moja bila kukwama. Imam al-Ghazali alikuwa mwalimu mwenye sifa kubwa kuliko karibu wote wa zama zake katika chuo cha Nizamiyya, Baghdad. Mwaka 1095 ulimi wake ulikataa. Alitaka kufundisha, neno likawa halitoki. Chakula kikamshinda, waganga wakasema shida iko moyoni. Akaacha cheo akaondoka mjini. Alisimulia hayo baadaye katika kitabu chake cha kujikomboa na upotevu, na pale ndipo penye mstari ninaoutumia kujipima mimi msomaji. Anasema alianza kwa kuvisoma vitabu vya masufi, Waislamu wanaofuata njia ya ndani ya moyo, akaelewa kila kinachoweza kueleweka kwa kusoma, kisha akagundua kwamba jambo lao lenyewe halifikiwi kwa kusoma bali kwa kuonja na kubadilika hali. Anatukumbusha kwamba kujua maana ya afya na kuwa na afya ni vitu viwili. Mtu huyu alikuwa amesoma maktaba nzima, kwa hiyo maneno yake si dharau ya asiyependa vitabu. Kila nikianza kujivunia rafu yangu namkumbuka.

Sayansi wengi hawaihesabu katika usomaji wa kiroho, na mimi naona wanajinyima. Nasoma kwamba mwanga wa Jua unaonipiga usoni umetoka huko dakika 8 zilizopita. Kwamba galaksi ya Andromeda, inayoonekana kwa macho matupu usiku wenye giza safi, iko umbali wa miaka ya mwanga karibu milioni 2.5, hivyo naiona ilivyokuwa kabla hajakuwapo mtu wa kuitazama. Kwamba chuma kilicho katika damu yangu kilifuliwa ndani ya nyota zilizokufa kabla dunia haijaumbika. Mtunzi wa Zaburi ya 8 alitazama mwezi na nyota akauliza mtu ni kitu gani hata Mungu amkumbuke. Aliuliza bila kuzijua namba hizi. Nikizijua, swali lake linanilemea zaidi, na sala yangu ya usiku huo huwa fupi, kwa sababu maneno mengi yanaonekana hayana adabu. Historia nayo inafanya kazi yake, hasa ya vita na utumwa, lakini niseme kwa kifupi tu: huko najifunza watu wacha Mungu waliwahi kuhalalisha nini.

Nitajuaje kama kitabu kimenifaa? Kipimo changu nimekitoa kwa Ignatius wa Loyola, askari Mhispania aliyekuja kuwa mtakatifu. Mwaka 1521 mzinga ulimvunja mguu katika vita vya Pamplona. Alipokuwa amelala nyumbani akijiuguza aliomba hadithi za mashujaa wa farasi na mapanga, ndizo alizozipenda. Hazikuwamo katika nyumba ile. Akapewa kitabu cha maisha ya Kristo na kingine cha watakatifu. Basi akawa anawaza mara haya mara yale: mara mambo makubwa atakayomfanyia bibi mmoja wa ukoo mkuu, mara kuishi kama Fransisko na Dominiko. Mawazo yote mawili yalimpendeza yalipokuwa yakipita. Tofauti aliiona baadaye: yale ya kwanza yakishaondoka yalimwacha mkavu na bila raha, haya ya pili yalimwacha na furaha inayodumu. Kutokana na kuchunguza huko yakaanza mafunzo yake yote ya kupambanua roho.

Wengine hutumia kisa hiki kusema riwaya ni mbaya na maisha ya watakatifu ni mazuri. Mimi nasoma jambo lingine humo. Ignatius alitazama kilichobaki, saa moja au siku moja baada ya kitabu kufungwa. Na kwa kipimo hicho nimewahi kumaliza kitabu cha ibada kikaniacha na kiburi, nikiwatazama walionizunguka kana kwamba wako nyuma yangu. Na nimemaliza riwaya ya mwandishi asiyeamini chochote ikaniacha na hamu ya kumpigia simu mtu niliyemnyamazia. Siku ya pili ndiyo ninayoiamini zaidi. Furaha ya ukurasa wa mwisho ni ya haraka mno kutoa ushahidi.

Hili haliwezekani kwa mtu anayekimbia. Naona watu wakijiwekea malengo ya vitabu vingi kwa mwaka na kutangaza hesabu yao Desemba, na ingawa najua nia ni njema, kwa jambo tunaloliongelea hapa hesabu hiyo inadhuru. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, inaagiza katika sura ya 48 kwamba Kwaresima ikifika kila mtawa apewe kitabu kimoja, akisome kwa mfululizo hadi mwisho. Kimoja. Karne ya 12, Guigo wa Pili, mkuu wa watawa wa Kartusi, aliandika juu ya ngazi nne: kusoma, kutafakari, kusali, kisha kutulia mbele za Mungu. Wengi wetu tunaishi kwenye hatua ya kwanza na tunaipanda na kuishuka siku nzima.

Mimi nina daftari la kawaida la mistari na kalamu ya risasi. Silijazi muhtasari, muhtasari nimeshauacha kwa sababu ulinifanya nisome kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Naandika tarehe, jina la kitabu, sentensi moja niliyosimama nayo, na chini yake swali. Swali ni lazima liwe na "mimi" ndani yake. "Kwa nini mhusika huyu alisema uongo?" halitoshi. "Ni nani ambaye mimi namwambia nusu ya ukweli ili anipende?" hilo linakaa. Kisha nalipeleka swali hilo kwenye sala badala ya kulijibu kwa wino. Kitabu kisichonipa swali baada ya kurasa mia nakirudisha mahali pake bila huzuni. Pengine zamu yake haijafika.

Vitabu naviweka viwili viwili, kimoja cha imani na kimoja kisichokuwa cha imani, na naviacha visemezane. Kwa sasa ni Ayubu pamoja na kitabu cha daktari anayeeleza kazi yake katika wodi ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Daktari huyu haamini kwamba kuna Mungu, naye anasema hivyo waziwazi katika sura ya kwanza. Sikubaliani naye. Lakini katika sura ya tatu anaeleza jinsi anavyovuta kiti na kukaa kabla ya kumpa mgonjwa majibu, asiongee akiwa amesimama, kisha ananyamaza hadi mgonjwa aanze yeye. Nikarudi kwa Ayubu, mwisho wa sura ya 2: rafiki zake watatu wanaketi naye chini siku saba mchana na usiku, na hakuna anayemwambia neno, kwa kuwa waliona uchungu wake ni mkubwa mno. Makosa yao yote yalianza walipofungua mdomo. Katika daftari nimeandika jina la mtu ambaye ni mgonjwa, na swali: je, nikienda kumwona nitaweza kukaa tu? Nimepanga kwenda Jumamosi, na sitabeba kitabu.